Samli ya viungo yataka moto wa kadiri

Katika nyumba za Nizwa, Ibra na Sur, nchini Oman, ambako Kiswahili bado husikika miongoni mwa familia zilizotoka Zanzibar, samli hupikwa pamoja na manjano, uwatu na bizari nyembamba.

Rangi na harufu za viungo hivyo huingia katika mafuta kwa urahisi kuliko katika maji. Shida ni moto.

Siagi ina maji kiasi cha asilimia 16. Maadamu maji hayo yamo, joto la sufuria hubaki karibu na nyuzi 100. Sauti ya kuchemka ikififia na povu likipungua, maji yanakwisha, na joto hupaa ghafla. Mashapo ya maziwa huwa kahawia, kisha meusi, na viungo vikiungua samli huwa chungu, wala haitengenezeki tena.

Hivyo moto hupunguzwa mapema, viungo vikavu hutiwa povu likianza kutulia, na sufuria huepuliwa kabla ya nyuzi 120. Sikio la mpishi mzoefu, kwa kweli, halihitaji kipimajoto.

Kitunguu saumu kibichi ni jambo jingine. Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua botulizimu kutokana na kitunguu saumu kilichohifadhiwa ndani ya mafuta nje ya jokofu. Mbegu za bakteria hao hustahimili maji yanayochemka, na hustawi pasipo hewa. Samli iliyotiwa kitunguu saumu ichujwe, iwekwe katika jokofu na iliwe ndani ya siku chache.