KUPONA NA KUUNGA: ISTILAHI ZA UTHABITI WA VIPANDIKIZI VYA TAYA

Katika kazi ya kufasiri maandishi ya utabibu, maneno magumu si hatari sana, maana mfasiri huyaogopa na kuyatafutia ushauri. Hatari zaidi ni maneno mepesi. Neno "kupona" ni mojawapo, na katika makala haya twakusudia kuonyesha jinsi neno hilo, likitumiwa bila ya uangalifu, linavyoweza kumharibia mgonjwa tiba aliyoigharimia fedha nyingi.

Tuchukue mfano wa mji wa Tunduma, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Mji huo watazamana na Nakonde ya Zambia, na barabara kuu pamoja na reli ya TAZARA hupita hapo. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka. Karatasi ya maelekezo ya hospitali iliyoandikwa kwa Kiingereza, ambacho ndicho lugha rasmi ya Zambia, yaweza kumfikia mtu wa Tunduma bila ya mkalimani. Hali kadhalika, aliyetibiwa Dar es Salaam yuko mbali na daktari wake kwa zaidi ya kilometa 900 za barabara. Akiwa nyumbani, mshauri wake ni ile karatasi. Nayo yafaa kadiri ya maneno yaliyomo.

Tiba tunayoizungumzia ni hii. Mtu aliyeng'oka meno yote ya taya la chini huvaa meno ya bandia, nayo aghalabu huteleza wakati wa kula na kusema. Daktari aweza kutoboa mfupa wa taya na kukaza humo vijiti vidogo vya titani vyenye hesi, mfano wa parafujo, ili meno ya bandia yashikwe juu yake kwa vishikizo. Mkutano wa wataalamu uliofanyika katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2002 ulipendekeza kwamba kwa taya la chini lisilo na jino lolote, meno yanayoshikwa na vijiti viwili ndiyo yawe tiba ya kwanza kufikiriwa.

Vijiti hivyo tuviiteje? Wako wanaoandika "implanti", na wako wanaosema "mizizi bandia". La pili lina uzuri wake, lakini mzizi humea, na titani haimei. Neno "kipandikizi" limekwisha kuenea, ila katika zahanati zetu "vipandikizi" humaanisha kwanza vile vya uzazi wa mpango, vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono. Kwa sababu hiyo twapendekeza "kipandikizi cha taya", neno zima litajwe mara ya kwanza katika kila karatasi. Kipande cha mfupa kinachoongezwa mahali taya lilipopungua kisiitwe kipandikizi pia. "Kiraka cha mfupa" chatosha.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alipochunguza mifupa ya sungura aliona kwamba titani aliyoiweka ilishikamana na mfupa hata ikawa vigumu kuitoa. Mwaka 1965 alimtibu kwa njia hiyo mgonjwa wa kwanza wa meno. Jina alilolipa jambo hilo lilijengwa kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya mfupa na kufanywa kitu kimoja. Kiswahili hakina haja ya kuazima hapa. Mtu akivunjika mguu husema mfupa "umeunga" au "haujaunga". Basi mfupa unaoshika titani nao umeunga nayo, na kipindi chote cha kusubiri ni "kipindi cha kuunga".

Kuunga si kupona. Ufizi hufunga mapema na maumivu huisha, na kwa lugha ya kila siku mgonjwa amepona. Mfupa ulio chini yake bado uko kazini. Kwa desturi ya zamani ya Brånemark na wenzake, taya la chini lilisubiriwa miezi 3 hadi 4, na la juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi, miezi 6 hivi. Siku hizi nyuso za vipandikizi hutengenezwa kwa namna inayofupisha muda huo, na pengine daktari huruhusu mzigo mapema zaidi. Mfasiri asiongeze wala asipunguze muda ulioandikwa.

Ili kuelewa ubaya wa kuchanganya maneno haya mawili, hatuna budi kueleza uthabiti wenyewe. Wako wanaotumia "uimara". Sisi twaona uimara ni sifa ya kitu chenyewe kutovunjika, na titani ni imara tangu siku ya kwanza. Uthabiti ni kutosogea mahali pake, na huo ndio unaotiliwa shaka.

Uthabiti huo una asili mbili. Siku ya kuwekwa, kipandikizi hushikwa kwa sababu kimekazwa katika tundu lililo jembamba kuliko chenyewe. Baadaye hushikwa na mfupa mpya uliokua na kukigusa. Wafasiri wengi wangeandika "uthabiti wa msingi" na "uthabiti wa upili". Hatuafiki, kwa kuwa msingi ni kitu kinachodumu, na uthabiti huo wa kwanza hupungua. Mwili huuondoa mfupa uliobanwa na kuumizwa, na hapo mkazo hulegea kabla mfupa mpya haujatosha. Kwa hiyo twapendekeza majina yanayotaja sababu: "uthabiti wa mkazo" na "uthabiti wa kuunga".

Mkulima wa kahawa wa Mbozi ataelewa mara moja. Mche uliopandikizwa husimama siku za kwanza kwa udongo ulioshindiliwa, na baadaye kwa mizizi yake. Ukitikiswa katikati ya nyakati hizo, hushindwa kushika. Tofauti ni kwamba hapa anayeotesha ni mfupa, na kipandikizi chakaa kimya.

Kwa kipandikizi, wakati huo wa katikati aghalabu ni kati ya wiki ya 2 na ya 4. Huo ndio wakati maumivu yamekwisha. Karatasi iliyosema "ukishapona waweza kutafuna" itamruhusu mgonjwa kula muwa na mahindi ya kuchoma katika wiki iliyo mbaya kuliko zote. Wataalamu wengi hukadiria kwamba kipandikizi kikitikisika zaidi ya mikromita 150 hivi, yaani milimita 0.15, mahali pa mfupa huota nyama ya nyuzinyuzi, nacho hakishiki. Uvutaji wa sigara na kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari hiyo.

Ndiyo maana meno ya bandia ya muda huchongwa kwa ndani na kutiwa kitu laini, yasigandamize vipandikizi, na mara nyingi mgonjwa huagizwa asiyavae kabisa wiki moja au mbili za mwanzo. Kuruhusu kipandikizi kibebe meno twakuita "kutwika", maana ni mzigo: kutwika papo hapo, kutwika mapema, na kutwika baada ya kuunga.

Yapo pia maneno ya upimaji. Daktari hupima nguvu ya kukaza kwa nyutoni sentimeta. Njia nyingine, iliyoelezwa na Neil Meredith na wenzake mwaka 1996, hukitetemesha kipandikizi na kusoma wepesi wa mtetemo, kama mpiga ngoma anavyojua kwa mlio kwamba ngozi imewambwa sawasawa. Matokeo hutolewa kwa kipimo cha 1 hadi 100. Twapendekeza "kipimo cha mtetemo". "Mtikisiko" ubaki kwa mwendo mdogo usioonekana. Unaoonekana una neno lake tayari, kwani watu husema jino "linacheza". Kipandikizi kinachocheza hakijaunga, hata kama hakiumi.

Kwa muhtasari, maneno tunayoyapendekeza ni haya:

Kipandikizi cha taya: kijiti cha titani kinachokazwa katika mfupa wa taya.
Kishikizo: kinachounganisha meno ya bandia na kipandikizi.
Uthabiti wa mkazo: utokanao na kukazwa.
Uthabiti wa kuunga: utokanao na mfupa mpya.
Kupona: ufizi kufunga na maumivu kuisha.
Kuunga: mfupa kushikamana na kipandikizi.
Kutwika: kukibebesha kipandikizi meno.

Walimu na maofisa wa afya wa Songwe wanaofanya kazi miongoni mwa wasemao Kinyiha, Kinyamwanga na Kindali twawaomba watuarifu iwapo lugha hizo zina neno la mfupa kuunga lililo bora zaidi. Wakati huohuo, kila mfasiri anayekutana na neno "kupona" katika maelekezo ya tiba hii na ajiulize kwanza: ni ufizi uliopona, au ni mfupa uliounga?