Kabla ya kuzima kompyuta ya ofisi, tujue kazi gani bado zinaendelea



Katika ofisi nyingi za makanisa yetu hapa Bunia, na vilevile kule Aru, Mahagi na Mambasa, kompyuta imekuwa chombo cha kila siku. Ndani yake tunaweka orodha za washirika, hesabu za sadaka, vyeti vya ubatizo na mahubiri yaliyorekodiwa. Tangu watu wengi wa Djugu walipoanza kukimbilia mjini kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, ofisi nyingine zimepata na kazi ya kuandika majina ya familia zilizopoteza makao. Orodha kama hiyo ikipotea, kuna mama atakayesimama kwenye mstari wa msaada na jina lake halitaonekana.

Umeme wetu sote tunaujua: paneli za jua, betri, au jenereta inayowashwa kwa saa chache. Basi kila jioni swali linarudi: tunaweza kuzima sasa? Mtu anatazama kioo cha kompyuta, haoni kitu kinachotembea, anazima. Kumbe kazi ya kunakili mafaili kwenye diski ya nje ilikuwa bado haijafika nusu. Katika makala hii tunaeleza namna ya kuiuliza kompyuta yenyewe inafanya nini, kwa kuandika amri chache.

Kazi za mbele na kazi za nyuma

Kompyuta ni kama mama anayepika kwa ajili ya sherehe. Sufuria moja anaikoroga mbele ya macho yetu, lakini nyingine tatu zimefunikwa na bado zinachemka. Tusipofunua, hatujui. Kila programu inayotembea hupewa namba yake, inayoitwa PID. Kwa namba hiyo tunaweza kuitafuta, kuichunguza, na ikibidi kuisimamisha.

Amri tunazozieleza hapa ni za Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi kule Helsinki, Finland. Ofisi zenye kompyuta za zamani hufaidika nao, kwa kuwa haununuliwi na aina zake nyepesi hutembea vizuri hata kwenye mashine dhaifu. Aina moja inayojulikana sana ni Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2004. Jina hilo ni la lugha za kusini mwa Afrika, nalo ni ndugu wa neno letu «utu».

Kuorodhesha

Tufungue terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Tuseme tunataka kunakili folda ya orodha kwenye diski ya nje. Tunaandika:

rsync -rt --partial orodha/ /media/diski/orodha/ &

Alama & ya mwisho inaiambia kompyuta: fanya kazi hii nyuma, utuachie nafasi ya kuandika mengine. Kwenye kibodi za Kifaransa tunazotumia wengi, alama hiyo iko pamoja na namba 1. Sasa tukiandika

jobs

tutaonyeshwa kazi zote tulizozianzisha katika dirisha hili: namba ndogo ndani ya mabano, hali ya kazi (inaendelea, imesimama au imekwisha), na amri yenyewe. Ikiwa kompyuta imewekwa katika Kifaransa, hali hizo zitaandikwa kwa Kifaransa. Tukiandika fg %1, kazi ya kwanza inarudi mbele. Tukibonyeza Ctrl na Z pamoja, inasimama bila kufa. Tukiandika bg, inaendelea tena nyuma.

Lakini jobs ina mpaka wake. Inajua kazi za dirisha lake tu. Kazi iliyoanzishwa na sekretari katika dirisha lingine haitaonekana. Ili kuona zote tunaandika:

ps aux

Hapo hutoka mistari mingi: jina la mtumiaji, PID, sehemu ya nguvu za kompyuta inayotumika, sehemu ya kumbukumbu, hali, saa ya kuanza, na jina la amri. Tukitaka kutafuta kazi moja tu, tunaandika pgrep -a rsync. Tusishangae tukiona mistari mitatu, maana rsync hujigawa katika sehemu tatu zinazosaidiana.

Kufuatilia

Amri ps hutuonyesha hali ya dakika ile tu, kama picha. Tukitaka kuangalia mambo yanavyobadilika, tunaandika top. Orodha hujibadilisha kila baada ya sekunde chache. Herufi kubwa P huleta juu kazi zinazotumia nguvu nyingi, M huleta zinazokula kumbukumbu, na q hutuondoa. Hii husaidia pia kulinda betri: mara nyingi tutakuta programu ambayo hakuna anayeihitaji, nayo ndiyo inayokula nguvu.

Hapa kuna jambo linalowapoteza wengi. Kazi ikionyesha sifuri katika nguvu za kompyuta, mtu husema imekufa. Sivyo. Tutazame safu ya hali. Herufi R maana yake inatembea. S inangojea kitu. D inangojea diski ijibu. T imesimamishwa. Kunakili kwenye diski ya nje iliyo polepole huonyesha D mara kwa mara, na nguvu karibu na sifuri, lakini kazi inaendelea. Ili kuhakikisha, tunaandika du -sh /media/diski/orodha, tunangoja dakika moja, tunaandika tena. Kama ukubwa umeongezeka, kazi i hai, tuiache imalize.

Kusimamisha bila kuharibu

Ikiwa jenereta inakaribia kuzimika na kazi haijaisha, afadhali tuisimamishe wenyewe kuliko kungoja umeme uikate. Tunaandika kill na PID yake, kwa mfano kill 2451. Amri hii huiomba programu ifunge mambo yake kwa utaratibu. Tungoje kidogo. Ikikataa kabisa, kuna kill -9, inayokata bila kuuliza. Hiyo iwe ya mwisho, maana programu haipewi nafasi ya kuhifadhi chochote. Na kazi iliyo katika hali ya D haitasikia hata hiyo mpaka diski ijibu.

Tumechagua rsync kwa sababu hii: tukirudia amri ileile kesho, kwa kawaida haianzi upya kwa mafaili yaliyokwisha fika. Inaendelea na yaliyobaki.

Na kazi ikiwa ndefu, tutangulize neno nohup mbele ya amri. Hapo hata mtu akifunga terminali, kazi itaendelea, na majibu yake yatahifadhiwa katika faili linaloitwa nohup.out.

Mwisho kabisa, kabla ya kuchomoa diski tuandike sync. Kompyuta hupenda kushika maandishi kwanza katika kumbukumbu kabla ya kuyaandika diskini. Amri hii husubiri mpaka yote yaandikwe. Kisha tuitoe diski kwa utaratibu, ndipo tuchomoe.

Wenye Windows

Ofisi zinazotumia Windows zina njia ya namna hiyo. Katika dirisha la amri, tasklist huorodhesha programu zote pamoja na PID zake, na taskkill /PID 2451 huiomba programu ifunge. Ukiongeza /F, inakatwa kwa nguvu. Onyo ni lilelile.

Tunashauri kila ofisi ibandike karatasi karibu na meza: jobs, kisha ps aux, kisha du, kisha sync, ndipo kuzima. Tena anayeanzisha kazi ndefu aandike kwenye daftari jina lake, saa, na kazi yenyewe, ili wa zamu ya jioni asikisie. Na diski yenye majina ya waliokimbia isilale mezani. Iwekwe chini ya ufunguo, kwa sababu majina hayo ni dhamana tuliyokabidhiwa na watu wenyewe.

Amani ya Bwana iwe nanyi.