Kufundisha Habari za Samaki Wasio na Taya

Miongoni mwa mada zinazowatatiza wanachuo wetu wanapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha ni ile ya asili ya wanyama wenye uti wa mgongo. Sisi wenyewe, tulipoifundisha kwa mara ya kwanza huku kwenye uwanda wa juu wa Makonde, tulichora ngazi ubaoni: chini kabisa samaki asiye na taya, juu yake samaki mwenye taya, kisha chura, mjusi, na kileleni mtu. Mwanachuo mmoja akauliza: ikiwa yule wa chini aligeuka akawa huyu wa juu yake, mbona lamprei, ambaye naye hana taya, yu hai hadi leo? Hatukuwa na jibu. Ngazi tuliyoichora haikuwa na mahali pa kuliweka.

Tuanze na samaki wenyewe. Wataalamu huwaita ostrakodemi, maana yake wenye ngozi ya kigae. Waliishi kuanzia miaka ipatayo milioni 470 iliyopita, wakatoweka kiasi cha milioni 360 iliyopita. Wengi wao walikuwa wadogo. Kichwa na kifua vilifunikwa na bamba la mfupa, na mkia ukavikwa magamba. Kinywa kilikuwa tundu au mwanya tu, kisichoweza kung'ata. Yadhaniwa kuwa walifyonza au kuchuja chembe za chakula majini na matopeni.

Hapa mwalimu asiharakishe. Mwanafunzi amezoea kuufikiri mfupa kuwa kitu cha ndani ya mwili, naye hushangaa kuambiwa kwamba katika samaki hawa mfupa ulikuwa kwanza ngozini, hali ndani mlikuwa na gegedu zaidi. (Asije akawafananisha na kobe, gamba la kobe limeungana na mbavu zake, na ni jambo la baadaye sana.) Mifupa bapa ya juu ya fuvu letu sisi ni ya jamii hiyo hiyo ya mfupa wa ngozi. Kwa hiyo mfupa ulitangulia, taya ikafuata.

Mnamo mwaka 1927 mtaalamu wa Sweden, Erik Stensiö, alichapisha uchunguzi wake wa visukuku kutoka Spitsbergen. Alivisaga vichwa hivyo vya mawe tabaka kwa tabaka, akachora kila tabaka, hata zikaonekana njia za neva na za mishipa ya damu. Samaki hao wa kundi la Cephalaspis walikuwa na mapezi mawili ya ubavuni, ambayo lamprei hana. Leo wanahesabiwa kuwa karibu zaidi na samaki wenye taya kuliko na lamprei. Basi ostrakodemi si ukoo mmoja. Jina hilo ni kama kusema "wavaa kanzu": lataja vazi, halitaji nasaba.

Na hapo ndipo penye jibu la yule mwanachuo. Lamprei ni tawi lililojitenga mapema, likaendelea na mabadiliko yake lenyewe. Binamu yako hawi babu yako kwa sababu tu angali akiishi katika nyumba ya babu. Tulifuta ngazi, tukachora mti.

Vifaa havina gharama. Samaki wabichi ni adimu Newala, lakini kichwa cha chewa mkavu kutoka pwani, kikilowekwa usiku kucha katika maji ya moto, chafaa. Wanafunzi wafungue taya, wainue kifuniko cha shavu, wahesabu matao manne yenye matamvua kila upande. Kwa muda mrefu wataalamu wamefundisha kuwa taya ilitokana na tao la mbele kama hayo. Namna hasa ilivyotokea bado wanaijadili, na mwalimu aseme hivyo bila kuona haya. Katika kiinitete, hata hivyo, taya na matao ya matamvua huchipuka katika safu moja.

Kifaa cha pili ni kamba ya meta 5, sentimeta moja ikiwa miaka milioni moja. Ncha moja ni leo. Kwenye sentimeta 470 funga kigae cha chungu, na kingine kwenye 360. Wanafunzi wa kusini hawakosi kuuliza kama samaki hao wanaweza kupatikana Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, ikachukuliwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Usiwajibu. Mwite mmoja afunge fundo la Tendaguru kwenye sentimeta 150, kisha apime kutoka hapo hadi kigae kilicho karibu. Atapata meta mbili na sentimeta kumi. Wetu alipima mara mbili, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza na fundo la binadamu lifungwe wapi. Tukamwonyesha milimeta tatu za mwisho, ambazo vidole vyake vilikuwa vimezifunika.