Usingizi wa ghafla mchana: Si uvivu, huenda ni ugonjwa

Mwanafunzi anayesinzia darasani kila siku huadhibiwa kwa uvivu, na mfanyakazi anayelala mezani kwake hudhaniwa amekesha kilabuni. Hata hivyo, kwa baadhi yao chanzo ni ugonjwa wa ubongo uitwao nakolepsi, ambao humnyima mgonjwa uwezo wa kuuzuia usingizi.

Nakolepsi si malale. Malale husababishwa na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o na huweza kuua yasipotibiwa. Nakolepsi haiambukizi, lakini kwa kawaida mgonjwa huishi nayo maisha yake yote. Inakadiriwa kuwa humpata mtu mmoja kati ya 2,000, na mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 10 na 30.

Jina hilo lilianza kutumiwa mwaka 1880 na daktari wa Ufaransa, Jean-Baptiste-Édouard Gélineau. Chanzo chake kilibaki fumbo hadi mwaka 2000, ilipobainika kuwa wagonjwa wengi wamepoteza seli za ubongo zinazotengeneza oreksini, kemikali inayomwezesha mtu kubaki macho. Wataalamu wanaamini kuwa kinga ya mwili huzishambulia seli hizo kimakosa.

Mtu mwenye afya huchukua takriban dakika 90 tangu alale hadi kufikia usingizi wa ndoto. Mwenye nakolepsi huweza kuufikia katika muda usiozidi dakika 15, hivyo ndoto huingiliana na hali ya kuwa macho. Huona watu wasiokuwapo chumbani, au huamka akashindwa kusogeza hata kidole. Wengi huita hali hiyo jinamizi na kuihusisha na uchawi. Jinamizi humpata pia mtu asiye na ugonjwa wowote. Linapoambatana na usingizi mzito wa kila siku, ndipo panapohitajika uchunguzi.

Dalili nyingine ni misuli kulegea ghafla kutokana na kicheko, furaha au hasira. Mgonjwa husikia mzaha, akacheka, na papo hapo magoti yakamwishia nguvu akaanguka, ingawa fahamu zake ni timamu. Walio karibu huweza kudhani ana kifafa. Si wagonjwa wote wenye dalili hii.

Athari zake ni kubwa. Usiku mgonjwa huamkaamka, na mchana huweza kusinzia akiwa jikoni, kwenye mashine au akiendesha gari. Kwa kuwa dalili hufanana na uchovu, wengi hupitisha miaka bila kutambuliwa, huku wakipoteza masomo, ajira na hata ndoa.

Ugonjwa huthibitishwa kwa kupima usingizi wa usiku mzima, kisha kuangalia mchana unaofuata jinsi mtu anavyosinzia haraka anapopewa nafasi ya kulala. Hauna tiba ya kuuondoa kabisa, lakini dawa kama modafinili hupunguza usingizi, na zipo nyingine za kuzuia kulegea kwa misuli. Kulala kwa saa zisizobadilika na kupumzika dakika 15 hadi 20 mchana husaidia pia.

Kwa hiyo, kabla ya kumwadhibu mtoto au kumfukuza kazi mtumishi anayesinzia kila siku licha ya kulala vya kutosha usiku, ni busara kwanza kumpeleka kwa daktari.