Je, Wajua? Risasi ya Mbogo Haina Haraka

Watu wa Nachingwea na Ruangwa hawahitaji kuhadithiwa habari za wanyama wakubwa. Tembo wakitoka porini, mahindi ndiyo hupata taarifa kwanza. Lakini kuhusu kile kitokacho kwenye mtutu wa bunduki ya mwindaji, kuna mambo ya kumshangaza hata mzee wa kijiweni.

Mbogo hupigwa kabla ya kusikia

Risasi ya .375, kipenzi cha wawindaji wa Afrika tangu 1912, hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde. Sauti hujikokota kwa mita 340 tu. Mbogo aliye mita 100 mbele ameshapata risasi mwilini wakati mlio bado uko njiani. Hiyo .375 ni upana wa risasi kwa inchi, yaani milimita 9.5, na nchi kadhaa za Afrika zimeifanya kima cha chini kwa wanyama hatari.

Hakuna mbogo anayerushwa na risasi

Kwenye sinema mtu akipigwa hupaa hadi ukutani. Uongo mtupu! Piga hesabu mwenyewe: risasi ya gramu 19 ikimwingia mbogo wa kilo 700, msukumo wake humpa mwendo wa sentimita 2 kwa sekunde. Kobe anampita. Na kama risasi ingeweza kumbwaga mbogo kwa kumsukuma tu, bega la aliyefyatua lingeonja nguvu hiyohiyo. Kinachomwangusha mnyama ni tundu: damu inayomwagika, mapafu yanayosinyaa, ubongo au uti wa mgongo unaoharibika. Ndiyo maana mbogo aliyepigwa moyoni bado anaweza kukimbia mita nyingi, tena akiwa na hasira, na mwindaji mwenye akili hamfuati kichakani kwa pupa.

Mwenye mbio ndiye dhaifu

Mwaka 1935 Wamarekani walitoa .220 Swift, risasi ya gramu 3 inayozidi mita 1,200 kwa sekunde. Mpige nayo mbogo, itasambaratika kabla haijafika popote pa maana. Sasa itazame .470 ya Waingereza: mita 655 tu kwa sekunde, karibu nusu ya mwendo ule, lakini ina gramu 32. Hii huvunja mfupa wa bega na kuendelea na safari.

Haramu vitani, halali porini

Mwaka 1899 huko The Hague, mataifa yalikubaliana kutotumia vitani risasi zinazochanua mwilini. Zilijulikana kwa jina la Dum Dum, mji ulio jirani na Kolkata, India, palipokuwa na kiwanda cha silaha cha Waingereza. Porini mambo ni kinyume kabisa. Kwa swala, kwa simba, hata kwa risasi ya kwanza ya mbogo, wengi hutaka ncha laini inayochanua, ili jeraha liwe pana na mnyama asiteseke muda mrefu. Tembo ndiye anayeharibu kanuni: kwake hutakiwa risasi ngumu isiyobadili umbo, maana kazi yake ni kutoboa, na kuna mfupa mwingi wa kutoboa.

Msumeno wa Bell

Mskoti W.D.M. Bell alipachikwa jina la "Karamoja", eneo la kaskazini-mashariki mwa Uganda alikowinda mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 yenye risasi ya gramu 11, kitu ambacho leo wengi wasingemruhusu kukielekeza hata kwa mbogo. Siri yake? Alichukua fuvu la tembo akalipasua kwa msumeno, aone ubongo umelala wapi. Ubongo huo una kilo 5 hivi, nao umejificha nyuma na chini, ukizungukwa na mfupa uliojaa vijumba vya hewa. Anayelenga juu ya paji la uso anaweza kutoboa mfupa na hewa, na tembo akaondoka zake. Idadi ya tembo wa Bell inachukiza na sina sababu ya kumpigia makofi, ila msumeno ule ulijibu swali ambalo mizinga mikubwa haikulijibu.

Selous na tufe la gramu 113

Frederick Selous, ambaye jina lake lilipewa pori kubwa la akiba la kusini mwa Tanzania, alianza kuwinda tembo miaka ya 1870 kwa bunduki za kushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu zilizorusha tufe la gramu 113. Zilitesa bega lake hadi akalalamika kwamba zimemharibia utulivu wa kulenga. Yeye mwenyewe aliuawa kwa risasi ya upande wa Wajerumani huko Beho Beho, tarehe 4 Januari 1917, akiwa na miaka 65, na kaburi lake liko hukohuko. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako kuwinda ni marufuku.

Moshi wa askari

Wapiganaji wa Maji Maji walioteka boma la Liwale mwaka 1905 walielezwa kwamba risasi zitageuka maji. Askari wengi wa Wajerumani bado walibeba Mauser za mtindo wa 1871: risasi ya milimita 11, gramu 25, mwendo wa mita 440 hivi kwa sekunde. Kwa uzito zinaizidi .375 ya leo. Kila mlio ulitoa wingu la moshi mweupe lililomtangaza aliyefyatua.

Na gobore?

Gobore la kulindia shamba dhidi ya nguruwe pori hurusha tufe au vipande vya chuma, na vitu vya maumbo hayo hupoteza mwendo upesi sana hewani. Nguruwe aliye karibu linaweza kumpata. Mbogo litamjeruhi tu, kisha wewe utakuwa na mbogo aliyejeruhiwa ndani ya ufuta wako. Akionekana mbogo au tembo shambani, mwite askari wa wanyamapori na uliache gobore ndani. Na kama halina leseni, ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015: lipeleke polisi kabla halijakupeleka wewe.