Upasuaji wa macho kwa leza: matokeo yake hudumu muda gani?

Wengi hulipia upasuaji wa leza wakiamini wanaiaga miwani moja kwa moja. Kuna ukweli hapo, ila si wote.

Leza hunyoa konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ili mwanga utue sawasawa kwenye retina. Umbo hilo jipya linabaki. Shida ni kwamba jicho lenyewe haliachi kubadilika. Ndiyo maana daktari makini hamfanyii kijana ambaye namba ya miwani yake bado inapanda kila mwaka; Marekani, LASIK imeruhusiwa kuanzia miaka 18 tu.

Halafu inafika miaka ya 40. Lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa, mtu anaanza kusogeza simu mbali ndo asome meseji. Hapo leza haijafeli, maana lenzi hiyo haikuigusa kabisa. Uzeeni huweza kuja mtoto wa jicho, naye hutibiwa kwa kuweka lenzi mpya. Kwa hiyo tunza karatasi za vipimo vya kabla ya leza: zitamsaidia daktari kukokotoa lenzi inayokufaa, na wengi huzitupa.

La hatari zaidi: aliyekuwa haoni mbali kwa kiwango kikubwa, jicho lake bado ni refu hata baada ya leza, na retina yake inaweza kubanduka. Ukiona mimweko ya mwanga, au kama pazia jeusi linafunika upande mmoja, nenda hospitali siku hiyo hiyo.