Madoa Yanayodanganya

Ni samaki wa urefu wa kidole. Mwili wake ni wa hudhurungi uliotapakaa madoa meusi, mapezi yake ni meusi yenye ukingo mweupe, na sharubu zimemzunguka mdomo. Kwa miaka mingi wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani waliuziwa ngogo wa namna hii kutoka Ziwa Tanganyika kwa jina la Synodontis petricola, spishi iliyoelezwa na Hubert Matthes mwaka 1959. Baadhi yao walikua hadi kupita sentimita 10. Wengine waligoma kukua, na wauzaji wakaridhika kuwaita petricola wadogo.

Hawakuwa petricola. Mwaka 2006, Jeremy Wright na Lawrence Page walichapisha uchambuzi mpya wa ngogo wa Tanganyika, na ndani yake wakatangaza spishi tatu ambazo hazikuwa na jina. Huyo mdogo akawa Synodontis lucipinnis. Kumbe alikuwa amekaa miaka yote hiyo kwenye matangi ya sebuleni, akilishwa na kutazamwa kila siku, bila sayansi kumtambua.

Alama yake iko wazi kwa anayejua pa kutazama. Pale mapezi yanapoungana na mwili, lucipinnis ana baka la rangi nyepesi; kwa petricola, weusi wa pezi hushuka hadi shinani bila baka hilo. Spishi ya pili, Synodontis grandiops, inafanana mno na Synodontis multipunctatus, yule ngogo maarufu anayepenyeza mayai yake kinywani mwa samaki wa jamii ya sato wanaoatamia mdomoni, kisha watoto wake wakala watoto wa mwenyeji. Kuwatenganisha hawa wawili kunataka subira: grandiops ana jicho kubwa zaidi, na vijiti laini vya pezi lake la kifuani kwa kawaida ni 7, ilhali multipunctatus ana 8. Spishi ya tatu, Synodontis ilebrevis, ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa sifa yake kuu ni utumbo mfupi, na utumbo hauonekani kupitia kioo.

Kwa nini basi madoa, ambayo jicho hukimbilia kwanza, hayasaidii sana? Jibu ni la kusisimua. Miiba ya ngogo hawa ina sumu. Mwaka 2011 Wright alionyesha kwamba spishi kadhaa za Tanganyika zimebaki na sura moja kwa sababu kila moja inanufaika: samaki mla wenzake akichomwa na mmoja, huwaepuka wote wanaofanana naye. Sare hiyo ya onyo inayowalinda ziwani ndiyo inayomchanganya mnunuzi dukani.

Anayetaka kujua ana ngogo gani ampige picha ya ubavuni, mapezi yakiwa yamefunguka, na nyingine inayoonyesha mdomo na sharubu. Lakini swali lenye thamani kubwa ni lile linalosahaulika: samaki huyu alivuliwa wapi? Tanganyika imegawanywa kati ya Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na mahali pa kuvuliwa huweza kufuta majina kadhaa papo hapo. Inasikitisha kwamba habari hiyo aghalabu hupotea samaki anapopita mikononi mwa wachuuzi.

Halafu kuna machotara. Wazalishaji wengine huchanganya spishi mbili na kuuza watoto kwa jina la mzazi mmoja, na watoto hao hawalingani na maelezo ya kitabu chochote. Hata kipimo cha vinasaba huweza kupotosha. Vinasaba vya mitokondria, vinavyotumika sana kutambua spishi, hurithiwa kwa mama. Chotara aliyezaliwa na mama petricola atasomeka kama petricola kamili. Ili kumgundua, maabara hulazimika kusoma pia vinasaba vya kiini cha seli, ambavyo hutoka kwa wazazi wote wawili.